Shule inatuchangisha semina ya kuacha sigara, hivi hizi programu zinamsaidia kweli mtoto anayevuta?

Mama Ipyana (Uyole)

Wakuu habari za jioni, wa nyanda za juu poleni na baridi. Nina jambo linanikereketa na Jumamosi tuna kikao cha wazazi shuleni, nataka niende na la kusema nisiende kuitikia tu kama siku zote.

Kijana wangu yuko form three, shule ya kata hapahapa mjini. Mwezi wa tano walikamatwa kundi zima nyuma ya vyoo wanavuta na wangu ndani, wakala fimbo, wazazi tukaitwa, tukasaini makaratasi tukarudi nyumbani. Nikadhani yameisha. Juzi nafua sweta lake la shule nakuta kipisi mfukoni kimeviringishwa kwenye karatasi ya daftari, yani amekitunza kabisa avute baadae. Nikamuuliza kwa upole (baba yake sijamwambia, mnajua wenyewe) akasema mama nimejaribu kuacha nashindwa, darasani kichwa kinaniuma na hasira zinanipanda bila sababu. Miaka kumi na sita huyo!

Sasa mkuu wa shule ametuandikia kila mzazi achange elfu tano, anakuja mtaalamu siku moja na projekta awaonyeshe shule nzima mapafu ya mvutaji na midomo yenye kansa, ati ndo "programu ya kuacha sigara". Kuchanga sikatai. Ninachouliza ni hivi, kuna mtu ameshaona hizi programu za shuleni zinamfanya mtoto ambaye TAYARI anavuta aache? Siongelei kumzuia ambaye hajaanza. Huko kwa wenzetu wanafanyaje, na kwa mazingira yetu haya ambapo sigara inauzwa moja moja kila genge inawezekana? Mwenye uzoefu au mtu wa afya aniambie ukweli hata kama unauma.

Mzee wa Sae

Mama unasumbuka bure. Enzi zetu ukikamatwa na sigara unachapwa paredi mbele ya shule nzima, afu unachimba shimo la takataka mpaka jioni, na hakuna aliyerudia. Watoto wa sikuhizi wanabembelezwa, mara semina mara ushauri nasaha. Fimbo tu. Hiyo elfu tano ongezea kwenye mbolea.

Mwanjelwa Kwetu

Hakuna aliyerudia?? Mzee mbona wewe kijiweni hukosi pakti mfukoni 😂😂 shikamoo lakini

Mzee wa Sae

Marahaba. Hiyo nilianza ukubwani.

nesi_wa_zamu

Mama Ipyana pole sana, na kwanza umefanya vizuri kumuuliza bila kumfokea maana amekwambia kitu cha maana. Kichwa na hasira siyo kisingizio. Nikotini haikai mwilini muda mrefu, ndani ya masaa mawili hivi nusu yake inakuwa imeshatoka kwenye damu, kwahiyo mtoto aliyevuta njiani kabla ya namba, ikifika kipindi cha tatu cha nne ubongo unadai. Akiacha ghafla siku tatu za mwanzo ndo moto wenyewe, hasira, usingizi hamna, hatulii, njaa kila saa, afu taratibu vinapungua ndani ya wiki tatu nne. Na kwa vijana hali hiyo inawahi, wapo wanaoanza kuisikia hata kabla hawajafikia kuvuta kila siku. Sasa mtu wa hivyo ukimchapa au ukimwonyesha picha hujamgusa pale anapoumia.

Kuhusu swali lako, ukweli ni kwamba zinasaidia ila kidogo, na siyo zote. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Steve Sussman, yeye na wenzake mwaka 2006 walizikusanya tafiti 48 za kuwasaidia vijana kuacha, wakalinganisha waliopitia programu na ambao hawakupitia. Waliopitia, kama 9 katika kila 100 waliacha. Wasiopitia, kama 6 katika kila 100 waliacha wenyewe bila programu. Kwahiyo programu inakuongezea watatu hivi kwa kila mia. Usicheke, maana kwenye shule yenye wavutaji wengi watatu ni watatu, ni kwamba tu mtu asikudanganye kwamba darasa zima litatoka limeokoka.

Kilichonivutia mimi ni zile zilizofanya vizuri zaidi zilikuwa zikoje. Zilikuwa na vikao vitano au zaidi, siyo kimoja. Zilizungumza na kijana kuhusu sababu zake mwenyewe za kutaka kuacha, afu zikamfundisha afanyeje hamu ikimshika, afanyeje rafiki akimpa. Na zilizofanyikia shuleni zilikuwa kati ya zile zenye matokeo mazuri, maana mtoto yupo pale, humtafuti mtaani.

Halafu 2017 wale Cochrane, wanaopitia tafiti za dunia nzima, walikagua tafiti 41 zenye vijana zaidi ya 13,000, nyingi za Marekani. Iliyoonekana kuwa na unafuu ni ushauri wa kikundi, unaongeza uwezekano wa kuacha kwa kama theluthi hivi ukilinganisha na wasiopata, japo wenyewe wanasema ushahidi bado siyo wa kutamba nao. Ushauri wa mtu mmoja mmoja, meseji, kompyuta, hivyo havikuonyesha matokeo ya kueleweka. Narudia, KIKUNDI.

Sasa mambo ya projekta shule nzima. Huko jimbo la Washington Marekani walifanya jaribio refu kweli, miaka 15, wilaya 40 za shule, watoto zaidi ya 8,000 wakifundishwa darasani kuanzia wadogo wa darasa la tatu mpaka wanamaliza sekondari, na lilikuwa somo limepangwa vizuri kuliko hilo la projekta. Matokeo yalitoka mwaka 2000, waliofundishwa na wasiofundishwa wanavuta sawasawa. Hilo lilikuwa la kuzuia, siyo la kuachisha, ila ujiulize kama miaka yote hiyo haikusogeza kitu siku moja ya picha itamfanyia nini mwenye kipisi mfukoni.

Ngoja nikaone wagonjwa nitarudi.

Dogo wa Mafiati

Shikamoo mama. Mi form four nimemaliza juzijuzi tu hapa, nimevuta sana na nimeacha, kwahiyo naongea kama mhusika. Hizo picha za mapafu tulishaletewa. Alikuja mtu na laptop ukumbini, tukapiga kelele uwiiii pale kwenye ule mguu uliokatwa, akamaliza, tukapewa soda, afu tukatoka wale wale tukaenda kuvuta tukizijadili picha. Siyo kwamba tulikuwa wajinga, yule mtu alikuwa anaongelea mambo ya ukiwa na miaka hamsini na sisi tunafikiria mechi ya Jumamosi.

Tena mama nikupe siri umchunguze vizuri, mwanafunzi hashiki sigara na vidole. Tunapasua kijiti cha mwanzi tunabana fegi pale katikati unavuta kwa mbali ili mkono usinuke, mana mwalimu wa zamu ananusa vidole. Ukimaliza unatafuna majani ya mpera ndo unakula bigijii, mana bigijii peke yake inamfanya mwalimu astuke. Ukimkuta mwanao ana kijiti cha hivyo kwenye begi usidhani ni cha sayansi kimu.

Na hilo la duka ni kweli kabisa. Mangi wetu alikuwa anatuuzia moja moja na anatukopesha anaandika kwenye daftari, ila hatuandiki sigara, tunaandika "peni". Mtu ana deni la peni nane wiki moja 😅

Kuacha sasa. Nilitaka kuacha muda mrefu ila nilikuwa sina wa kumwambia, mana ukimwambia mwalimu nataka kuacha sigara umeshakiri kwamba unavuta, unachapwa hapohapo. Ndo kitu shule hazielewi. Nilipata upenyo mtaani, kocha wa timu yetu aliniona napumua kama mzee kipindi cha pili akaniita pembeni akaniuliza tu unataka namba au unataka fegi, hakunisema kwa mama. Tukaacha watatu pamoja. Arosto (yale mateso ya kukosa sigara) ilinitesa, nilimpiga mdogo wangu kibao kisa amekaa kwenye kiti changu. Kilichosaidia ni kubadili njia ya kwenda shule nisipite kwa Mangi, na kuwa na wale wenzangu wawili, mmoja akizidiwa tunakimbia nae mpaka inapita. Inapita kweli, ni dakika chache tu, ila hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba inapita.

Mzee wa Sae

Huyo kocha amefanya vizuri. Ila angekuchapa kwanza ingekuwa haraka zaidi.

Mwl wa Kihesa

Kamwene wote. Mimi ni mwalimu wa malezi shule moja huku Iringa, na hili tumelifanya kwa miaka kadhaa sasa kwa hiyo nitaandika kirefu mnivumilie.

Dogo wa Mafiati ameshika penyewe. Shule inamtaka mtoto ajitaje, na ina fimbo mkononi. Hapo hakuna programu itakayosimama. Sisi tulipoanza tulikaa na mkuu wa shule tukakubaliana kabla ya kitu kingine chochote kwamba jina la anayekuja kwenye kikundi haliendi kwa mwalimu wa nidhamu, haliandikwi kwenye faili, na akikamatwa anavuta adhabu itakuwepo ya kuvuta ila siyo ya kuwa kwenye kikundi. Ilikuwa ngumu kuliko mnavyodhani. Mwalimu wa nidhamu alikuja ofisini kwangu ananiomba orodha "niwafuatilie tu kwa karibu", nikamwambia hamna orodha, na kweli sikuwa nayo, sikuandika popote.

Pili ni hiari. Usikamate wavutaji ukawajaza chumbani kama adhabu. Tulijaribu kuwaingiza waliokamatwa kwa lazima, walikaa wanachekana, wakaharibu kwa waliokuja kwa nia. Anayetaka aje, hata wakija wachache.

Mfano tuliouchukua ni wa Marekani, unaitwa Not On Tobacco, wa chama chao cha mapafu, umeanza miaka ya tisini. Wao wana vikao kumi, vya kila wiki, saa moja hivi, wavulana peke yao na wasichana peke yao. Hilo la kutenganisha nililidharau mwanzoni kwa kuwa kwetu wasichana wanaovuta hawaonekani, mpaka matroni aliponiambia wapo, wanavuta bwenini dirishani, na wangine ugoro, ila kwenye kikundi cha wavulana hawezi kuja hata mmoja. Sasahivi matroni ana cha kwake na sijui kinachosemwa mle na sitaki kujua.

Sisi kumi hatuwezi, muhula unatubana, tunafanya sita saba. Vikao vya mwanzo hatumwambii mtu aache. Anaandika tu kwenye kikaratasi kila akivuta ilikuwa saa ngapi, yuko na nani, alikuwa anajisikiaje. Hapo ndo unaona mambo. Mmoja anavuta kabla ya kipindi cha hesabu tu, anaogopa kuitwa ubaoni. Mwingine anavuta jioni anapotumwa kuchota maji kwa kuwa ndo muda pekee yuko na wenzake. Huyu wa hesabu na huyu wa maji hawawezi kupewa dawa moja, na huo mhadhara wa projekta unawapa dawa moja. Wa hesabu tulimtafutia mwanafunzi wa kumfundisha, na uvutaji ukapungua nusu kabla hatujafika hata kwenye siku ya kuacha.

Afu katikati ya vikao mnapanga siku ya kuacha, wote pamoja, na vikao vinavyobaki ni vya kushikana mikono ile wiki ya kwanza na ya pili. Watu wengi wanamaliza semina siku mtoto anapoahidi kuacha, wakati kazi ndo inaanza hapo.

Matokeo? Sitawadanganya. Wengi wanaanza, baadhi wanapotea njiani, wanaomaliza siyo wote wanaacha, na kati ya walioacha wapo wanaorudi likizo. Ila kila muhula wapo wachache ambao najua kabisa wameacha, na wengine wamepunguza. Kwa kazi ya mwalimu mmoja na chumba cha maktaba mimi naona inalipa.

Mama Ipyana (Uyole)

Mwalimu ubarikiwe, yani umeniandikia hotuba yangu ya Jumamosi. Dogo na wewe asante, jana nimekagua begi, kijiti nimekikuta 🙆🏾‍♀️ sijasema kitu.

Mwalimu unajuaje kwamba kaacha kweli? Maana wangu angeniambia ameacha mwezi wa sita mimi ningeamini.

Mwl wa Kihesa

Mama, nanusa 😄 na naangalia kama deni la peni limeisha. Wenzetu wana vifaa, nesi atueleze.

nesi_wa_zamu

Nimerudi. Wao hawaamini mdomo. Kuna kamashine mtu anapuliza kanasoma hewa ya kaboni monoksidi iliyobaki kwenye pumzi, au wanachukua mate wanapima kotinini, kile kinachobaki nikotini ikishavunjwa mwilini. Ya pumzi inakamata aliyevuta leo au jana usiku tu, ya mate inarudi nyuma siku kadhaa. Na wanafuatilia baada ya miezi 3, miezi 6, mwaka, kwa sababu kuacha wiki moja hata mimi nilishawahi kuona watu wanaacha kila Kwaresma.

Hapo kwenye kufuatilia ndo programu nyingi zinapoanguka. Kule Massachusetts, Marekani hukohuko, walitumia manesi wa shule, kijana anamwona nesi mara nne hivi anazungumza nae. Jaribio la kwanza lililotoka 2006 lilikuwa zuri ajabu, baada ya miezi mitatu walioacha walikuwa kama 24 kwa mia kwa wa nesi na 5 kwa wengine. Wakafurahi. Wakarudia kwa ukubwa na kufuatilia mwaka mzima, matokeo 2011, ile faida ya mwanzo ilipofika mwaka ilikuwa imeyeyuka. Kwahiyo mtu akikuletea programu na takwimu zake muulize umepima lini na umepima na nini.

Iliyonifurahisha mimi ni ile ya California, Project EX, hiyohiyo ya kina Sussman. Vikao 8 ndani ya wiki sita, na siyo mahubiri, kuna michezo, wanaigiza kipindi cha mahojiano kama cha televisheni, mmoja mtangazaji mwingine ni mtoto wa mvutaji, hadi yoga wanafanya kutuliza hasira. Vikao vya mwanzo kujiandaa, vya mwisho kukaa bila sigara, kama anavyofanya mwalimu hapo juu. Walipata 17 kwa mia walioacha, dhidi ya 8 ambao hawakupitia. Kwa shughuli ya vijana hayo ni matokeo makubwa.

Na ile timu ya Washington iliyofeli kwenye darasa zima haikukata tamaa. Walienda shule 50 wakawatafuta wavutaji mmoja mmoja, mshauri anampigia simu kijana binafsi anazungumza nae kwa upole bila kumhukumu. Matokeo ya 2009, walioacha miezi sita mfululizo walikuwa karibu 22 kwa mia, wasiopigiwa karibu 18. Tofauti ndogo tena, ila ilikuwepo, wakati ya somo la darasa zima haikuwepo kabisa.

mtoto_wa_bani

Nimesoma yote naona hamna aliyegusa kwetu. Mi natokea Chunya, nimelelewa na tumbaku, ada yangu ya sekondari yote imetoka kwenye tumbaku ya mvuke, na msimu wa kuchuma majani tulikuwa tunakosa shule kabisa. Asubuhi majani yana umande, unachuma unabeba kifuani, ikifika saa nne unatapika, kichwa kinazunguka, mama anasema ni malaria. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ni nikotini inaingia kwenye ngozi kupitia ule unyevu. Hatujawasha kitu na tayari iko mwilini.

Sasa mniambie mwalimu wa kwetu anasimamaje mbele ya watoto hao anawaambia tumbaku inaua. Mtoto anaangalia sare yake, viatu vyake, bati la nyumba yao. Usiku tunalala bani (banda la kukaushia tumbaku) kuchochea moto, baridi ile, wakubwa wanasokota wanavuta, ukiwa na miaka kumi na mbili wanakupa ushike uwashe. Hakuna anayekuona mhuni. Programu ya California itaanzia wapi hapo? Siipingi, nauliza kweli.

Mwl wa Kihesa

mtoto_wa_bani swali lako zito na jibu la moja kwa moja sina. Ninachoweza kusema, kwenye kikundi ukianza na "tumbaku ni mbaya" umeshampoteza mtoto wa mkulima, unamtukana babake. Mimi naanza na pesa na mwili wake yeye. Unatumia shilingi ngapi kwa wiki, ungeifanyia nini. Unakimbia au hukimbii. Na hilo la kutapika shambani ni la kumwambia kabisa, maana hilo anaelewa mwili wake wenyewe ulishamkatalia.

Mwanjelwa Kwetu

Na sisi wa mjini tusijifanye, nani hapa hajawahi kutumwa na baba dukani kaniletee sigara mbili na kiberiti, una miaka saba? Sheria ya bidhaa za tumbaku ipo tangu 2003, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa, ila ukimtuma mtoto kwa Mangi anapewa na anaambiwa msalimie mzee. Shule inaachisha mchana, nyumbani tunaanzisha jioni.

Mzee wa Sae

Hilo limenigusa. Wajukuu nawatuma mimi.

Mwanjelwa Kwetu

Basi kuanzia leo nenda mwenyewe mzee, na mazoezi utapata 😂

Mama Ipyana (Uyole)

Jamani mmenifungua. Sasa maswali mawili ya mwisho kabla sijaenda kwenye kikao. La kwanza, nesi, kuna zile bigijii na plasta za nikotini nasikia zipo famasi, nimnunulie? La pili, kama nikisema hela isiende kwa mtaalamu wa projekta, wataniuliza basi iende wapi. Niwaambie nini?

nesi_wa_zamu

Usimnunulie kwa kujiamulia. Kwa watu wazima zinasaidia vizuri, kwa walio chini ya miaka 18 tafiti hazijaonyesha wazi kwamba zinawasaidia kuacha, kwahiyo huko huendi bila daktari kumwona na kujua anavuta kiasi gani. Kwa sasa anza na bigijii ya kutafuna ya kawaida, maji ya kunywa mengi, na kumwambia ukweli kwamba hamu inakuja na kuondoka ndani ya dakika chache, hivyo havina gharama kubwa. Na usimwache mwenyewe zile siku tatu. Akikujibu vibaya meza tu, siyo yeye anayeongea. Baba yake naye itabidi ajue mapema, maana mtoto akianza kununa na kubamiza milango mzee ataleta ugomvi usiohusika.

Kingine kwa sababu amesema mwenyewe "nimejaribu nashindwa", usimhesabie kama kushindwa. Wengi wanaoacha wameshajaribu mara kadhaa kabla. Muulize ile mara aliyojaribu alifika wapi na nini kilimrudisha, hapo ndo pa kuanzia mara hii.

Mwl wa Kihesa

La hela. Waambie hivi, mtaalamu wenu mnaye tayari, ni mwalimu wa malezi, anachohitaji ni kupunguziwa vipindi viwili kwa wiki na kulindwa. Kama kituo cha afya kipo karibu muombeni nesi au mhudumu aje vikao viwili tu, cha kueleza arosto na cha siku ya kuacha. Mkitaka mpeleke watu wawili wa bodi wakazungumze na wenye maduka yanayozunguka shule, bila polisi, wawaambie tunajua mnauza moja moja kwa watoto na tunajua habari ya peni. Wengi wanaona aibu wakiambiwa na wazazi wanaowafahamu.

Msianze mwezi wa tano wala wa kumi na moja. Mtoto anaacha, wiki mbili anafunga shule, anaenda kijijini kwa wajomba wanaovuta, amerudi Julai ni yule yule. Anzeni wiki ya pili au ya tatu ya muhula ili vikao viishe bado mko nao.

Na hela inayobaki weka kwenye chai na mihogo. Kikundi kinakaa saa tisa na nusu baada ya vipindi, mtoto hajala tangu asubuhi, baridi ya Uyole mnaijua, na aliyeacha sigara njaa yake ni mara mbili. Bila kitu mezani watakuja kikao cha kwanza, cha pili wamepita kwa Mangi.